Robert Koch: Bingwa wa hadubini aliyetangaza tiba kabla haijaiva

ALIYEPITA barabara itokayo Uyole kwenda Kyela anajua kwamba baada ya Kiwira hewa hubadilika. Ukungu hushuka kutoka Mlima Rungwe, migomba husogea hadi ukingoni mwa lami na, nyuma ya nyumba nyingi za Tukuyu na vijiji vyake, husikika mlio wa ng'ombe wa maziwa aliyefungiwa bandani.

Katika Wilaya ya Rungwe ng'ombe mmoja ni ada ya shule, ni mbolea ya migomba, ni mahari na ni akiba ya siku ya msiba. Ndiyo maana mfugaji wa huko akiona mnyama wake ana homa kali, tezi za chini ya masikio zimevimba na pumzi inakwenda kwa shida, usiku huo halali. Anajua kwamba huenda ni ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe wa kahawia wanaojificha masikioni, na kwamba siku chache tu zinaweza kumaliza kazi ya miaka.

Ugonjwa huo una historia ndefu, na ndani ya historia hiyo yumo mtu ambaye jina lake halisikiki sana katika vijiji vya Rungwe. Ni Robert Koch, daktari wa Kijerumani aliyefariki dunia mwaka 1910. Aliviona vimelea vya ndigana kali kupitia hadubini yake akiwa Dar es Salaam, enzi ambazo Tukuyu ilikuwa bado haijawa makao ya wilaya ya Kijerumani yaliyoitwa Neu-Langenburg. Akavidhania kuwa kitu kingine. Miaka mitano baadaye alivirudia, akautangazia ugonjwa huo kinga, na kinga hiyo haikufanya kazi.

Kwa mtu ambaye vitabu vya tiba vyote vinamtaja kuwa mmoja wa waasisi wa elimu ya bakteria, hilo laweza kuonekana doa dogo. Lakini halikuwa la kwanza, wala halikuwa la mwisho. Maisha ya Koch ni maisha ya mtu aliyepata sifa kwa kusubiri, kisha akashindwa kusubiri tena.

Daktari wa Wollstein

Koch alizaliwa Desemba 11, 1843, katika mji wa Clausthal ulioko milima ya Harz, Ujerumani. Baba yake alikuwa ofisa wa machimbo na familia ilikuwa na watoto 13. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen na kuhitimu mwaka 1866. Mwaka uliofuata alimwoa Emmy Fraatz. Baada ya kuhudumu katika vita kati ya Ujerumani na Ufaransa, alipewa kazi ya uganga wa wilaya mwaka 1872 huko Wollstein, mji mdogo ambao sasa umo ndani ya Poland.

Hakuwa na maabara. Alikuwa na chumba kimoja cha kupokelea wagonjwa, pazia la kukigawa, hadubini, na panya wa kufanyia majaribio. Wafugaji wa eneo hilo walikuwa wakipoteza kondoo na ng'ombe kwa kimeta, na Koch akaanza kuchunguza damu ya mizoga usiku, baada ya kazi ya kutwa. Aligundua kwamba vijidudu vyenye umbo la vijiti vilivyomo katika damu hiyo ndivyo vinavyosababisha ugonjwa, na kwamba hujigeuza kuwa mbegu ngumu zinazokaa ardhini kwa miaka mingi.

Jambo la kuzingatia ni namna alivyolitangaza. Kabla ya kuchapisha chochote, alifunga vifaa vyake mwaka 1876 na kwenda Breslau kwa profesa Ferdinand Cohn, akarudia majaribio yake mbele ya wataalamu kwa siku kadhaa, kila aliyetaka akaangalia mwenyewe. Ndipo makala yake ikatoka. Daktari wa kijijini asiyejulikana na mtu akawa gumzo la Ulaya.

Mwaka 1880 aliitwa Berlin katika Ofisi ya Afya ya Dola. Huko ndiko alikokamilisha njia ya kuotesha bakteria wa aina moja juu ya kitu kigumu, njia ambayo maabara za hospitali zinaitumia hadi leo, na kuanzia Agosti 1881 akajifungia kuusaka ugonjwa wa kifua kikuu. Alifanya kazi hiyo kwa siri, karibu peke yake, kwa takriban miezi saba.

Machi 24, 1882, alisimama mbele ya chama cha wanafiziolojia mjini Berlin. Hakuwa msemaji hodari. Alikuja na hadubini zake na vielelezo zaidi ya 200 vikiwa vimepangwa mezani, na alipomaliza kusoma hakuna aliyeinuka kumpinga, wakainuka tu kwenda kutazama. Tarehe hiyo ndiyo inayoadhimishwa kila mwaka, Tanzania ikiwamo, kuwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Mwaka 1883 na 1884 alikwenda Misri na India akakitambua kidudu cha kipindupindu.

Angeishia hapo, simulizi yake isingekuwa na kovu.

Agosti 1890

Miaka minane baada ya kutambua kidudu cha kifua kikuu, Koch alikuwa profesa, mwenye cheo na ofisi, lakini ugunduzi mpya ulikuwa haujaja. Mjini Paris, Louis Pasteur alikuwa amepata chanjo ya kichaa cha mbwa na taasisi yake mwenyewe. Ndoa ya Koch na Emmy ilikuwa imepoa. Na mwezi Agosti 1890 Berlin ilikuwa mwenyeji wa kongamano la kimataifa la madaktari, maelfu wakiwa wamefika kutoka kila upande wa dunia. Inaaminika kwamba serikali ya Prussia, hususan waziri aliyesimamia elimu na tiba, ilimshinikiza atoe kitu cha kuipa Ujerumani fahari.

Agosti 4 Koch akatoa. Mwishoni mwa hotuba yake alieleza kwamba amepata kitu kinachozuia kifua kikuu kukua katika simbilisi, wale wanyama wadogo wa maabara. Hakusema ni kitu gani. Novemba 13 mwaka huohuo alichapisha taarifa kwamba kitu hicho kimeanza kutumika kwa binadamu na kwamba wagonjwa walio katika hatua za mwanzo wanaweza kuponywa. Bado hakusema ni kitu gani wala kinatengenezwaje.

Kilichofuata hakijawahi kusahaulika katika historia ya tiba. Wagonjwa walipanda treni kutoka nchi mbalimbali kuelekea Berlin, wengine wakikohoa damu njiani, wengine wakifia kwenye vyumba vya kupanga kabla hawajafikiwa na sindano. Madaktari waligombea chupa ndogo za dawa hiyo ya rangi ya kahawia. Daktari mmoja kijana kutoka Uingereza, Arthur Conan Doyle, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes, alikwenda Berlin Novemba hiyo, akakosa nafasi ya kuingia ukumbini, akaazima maelezo ya mwenzake na kutembelea wodi. Aliandika magazetini akitahadharisha kwamba matumaini yamezidi ushahidi. Alikuwa miongoni mwa wachache.

Januari 1891 profesa Rudolf Virchow alianza kuonyesha matokeo ya kupasua maiti za waliochomwa sindano. Badala ya kufa, vidudu vilionekana kusambaa kwenda sehemu za mwili ambazo awali zilikuwa salama. Mwezi huohuo Koch akalazimika kufichua siri: dawa yake, iliyoitwa tubakulini, ilikuwa maji yaliyotolewa katika vidudu vyenyewe vya kifua kikuu kwa kutumia gliserini. Taarifa za hospitali za Prussia zilipokusanywa, waliopona walikuwa wachache mno.

Wapo waliomtetea Koch, na hoja zao hazikuwa za kipuuzi. Kifua kikuu kilikuwa muuaji mkubwa wa Ulaya. Ni nani mwenye moyo wa kuficha dawa kwa miaka mitano huku watu wakizikwa? Yeye mwenyewe aliiamini, kwani alijidunga sindano hiyo mkononi akapata homa kali na kutetemeka. Hedwig Freiberg, msichana aliyekuwa bado katika umri wa miaka 10 na kitu ambaye baadaye Koch alimwoa, naye alikubali kuchomwa. Tapeli hafanyi hivyo.

Lakini utetezi huo haujibu swali la msingi. Kosa lake halikuwa kusema mapema. Lilikuwa kusema mapema na kuficha. Mwaka 1882 aliweka vielelezo mezani na kila mtu akajionea. Mwaka 1890 aliweka jina lake tu mezani, na jina lilikuwa kubwa kiasi kwamba watu wazima wenye elimu walisahau kuuliza. Ikumbukwe pia kwamba alikuwa na matarajio ya mapato makubwa kutokana na siri hiyo, na kwamba kampuni ya kemikali ya Hoechst ndiyo iliyokuja kutengeneza tubakulini na kuiuza.

Sotoka na nyongo

Serikali haikumtupa. Mwaka 1891 alipewa taasisi ya magonjwa ya kuambukiza mjini Berlin. Mwaka 1893 aliachana na Emmy na kumwoa Hedwig, jambo lililozua minong'ono kuliko hata tubakulini. Kisha akaanza kusafiri, na safari zake zikamleta Afrika.

Sotoka ilikuwa imekwisha kuteketeza mifugo ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, ikashuka kupitia nchi iliyo kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, na mwaka 1896 ikavuka Mto Zambezi. Koch alifika Kimberley Desemba 1896. Februari 1897, baada ya wiki zisizozidi kumi, alitangaza kwamba ng'ombe mzima akichomwa nyongo ya ng'ombe aliyekufa kwa sotoka hupata kinga. Mwezi Machi akaondoka kwenda Bombay kuchunguza tauni, akiwaachia wengine kazi.

Hapa hukumu ni ngumu zaidi. Njia ya nyongo ilifanya kazi, lakini nusunusu. Kinga yake ilikuwa ya muda, ilitaka mizoga mingi ili kupata nyongo ya kutosha, na pengine nyongo yenyewe ilibeba ugonjwa ndani ya zizi lililokuwa salama. Watafiti waliobaki waliiboresha hadi kupata njia bora ya kutumia majimaji ya damu. Hata hivyo ng'ombe wengi waliokolewa, na mfugaji ambaye angesubiri njia bora asingekuwa na mnyama wa kuchanja. Anayedai kwamba kila kitu lazima kisubiri hadi kikamilike, na alifikirie zizi la Kimberley mwaka 1897.

Kutoka India, Koch alipelekwa Dar es Salaam na kufika katikati ya mwaka 1897. Alikaa hadi mwaka 1898, akichunguza malaria, magonjwa ya mifugo na, kwa sampuli zilizoletwa kutoka Kiziba upande wa Bukoba, akathibitisha kuwapo kwa tauni. Ni katika kipindi hicho alipoona ndani ya damu ya ng'ombe wa pwani vimelea vidogo sana. Aliamua kwamba ni hatua ya awali ya vimelea vya ugonjwa wa mkojo mwekundu. Havikuwa hivyo. Vilikuwa vya ndigana kali.

Wafugaji wa kusini walinunua ng'ombe kutoka pwani ya Afrika Mashariki kufidia waliouawa na sotoka, wakawapitisha bandari ya Beira. Ng'ombe hao waliingia na ndigana. Rhodesia ikaanza kupoteza wanyama kwa maelfu na mwaka 1903 utawala wa nchi hiyo, uliokuwa mikononi mwa kampuni ya Cecil Rhodes, ukamwita Koch Bulawayo. Safari hii alitambua kwamba ni ugonjwa wa peke yake, akauita homa ya pwani ya Afrika. Jina hilo lilimsaidia mtu kujua ulikotoka, nalo limebaki katika Kiingereza hadi sasa.

Akapendekeza kinga: kuwachoma ng'ombe damu ya wenzao waliopona, mara kwa mara kwa miezi kadhaa. Wafugaji walifuata. Ng'ombe waliochomwa walipokutana na kupe, walikufa kama wengine. Wakati huohuo wataalamu wasio na umaarufu wake, Charles Lounsbury wa Koloni la Rasi na Arnold Theiler wa Transvaal, walikuwa wakijaribu kupe mmoja mmoja kwa subira. Lounsbury alionyesha kwamba kupe wa kahawia ndiye msambazaji; Theiler alitenganisha vimelea hivyo na vya mkojo mwekundu, navyo vikapewa jina lake, Theileria. Kutokana na kazi hiyo yalikuja majosho ya kuogeshea mifugo, na jirani na Tukuyu kama kwingineko nchini, josho au bomba la mkono la kunyunyizia dawa ndilo ngao ya kwanza ya mfugaji.

Kinga halisi ya sindano ilikuja baadaye sana. Iliandaliwa katika maabara ya Muguga, karibu na Nairobi, kwa kazi ya miongo kadhaa: ng'ombe hupewa vimelea hai pamoja na dawa ya kuvidhibiti ya aina ya tetrasaiklini inayokaa mwilini muda mrefu. Chanjo hiyo huhifadhiwa katika mtungi wa gesi ya naitrojeni iliyogandishwa kuwa kimiminika. Koch hakuwa na kitu kama hicho, na pengine hakuna ambaye angeweza kufanikiwa mwaka 1903. Angeweza tu kusema kwamba bado hajui.

Maziwa

Kati ya makosa yake, lililo karibu zaidi na meza ya Mnyakyusa ni lile la London. Julai 1901, katika kongamano la kifua kikuu, Koch alitangaza kwamba kifua kikuu cha ng'ombe ni tofauti na cha binadamu, na kwamba hatari ya mtu kuambukizwa kwa maziwa au nyama ni ndogo kiasi cha kutohitaji hatua maalumu. Sehemu ya kwanza ilikuwa sahihi: vidudu ni vya aina mbili. Ya pili haikuwa na ushahidi wa kutosha, na wataalamu waliokuwamo ukumbini walipinga hapohapo.

Uingereza iliunda tume mwaka huohuo. Tume hiyo ilifanya majaribio kwa muongo mzima na kuthibitisha kwamba maziwa yasiyochemshwa huambukiza binadamu, hasa watoto. Ushauri unaotolewa leo kwa wateja wa maziwa mabichi ya Rungwe, wa kuyachemsha kabla ya kumpa mtoto, unapingana moja kwa moja na alichokisema mtaalamu mkubwa kuliko wote wa enzi zake.

Visiwa vya Sese

Koch alirudi tena mwaka 1905, akapita njia ya misafara ya kwenda Iringa na kuchunguza papasi waliokuwa wakiwaambukiza homa wapagazi waliolala katika vibanda vya njiani. Kazi hiyo ilikuwa safi. Desemba mwaka huohuo alipokea Tuzo ya Nobel ya tiba kwa uchunguzi wake wa kifua kikuu.

Mwaka 1906 alipiga kambi katika visiwa vya Sese, ndani ya Ziwa Victoria upande wa Uganda. Malale yalikuwa yakiua watu wa maeneo ya ziwa hilo kwa makumi ya maelfu. Wagonjwa walifika kwa mitumbwi, na kambi ikahudumia zaidi ya elfu moja. Koch aliwapa atoxyl, dawa yenye arseniki. Wiki za mwanzo wengi walipata nafuu ya ajabu, waliobebwa walisimama. Taarifa zake kwenda Berlin zilijaa matumaini, akiifananisha dawa hiyo na kwinini dhidi ya malaria, na magazeti ya Ujerumani yakashangilia.

Nafuu haikudumu. Vimelea vilirudi katika damu. Koch akaongeza kipimo maradufu, na watu 22 wakapofuka kabisa. Hapo akarudisha kipimo cha awali, ingawa hakuiacha dawa. Aliporejea kwao mwaka 1907 alipendekeza kambi za kuwatenga wagonjwa, nazo zikaanzishwa katika koloni la Kijerumani kando ya Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika. Wagonjwa wengi walitoroka. Wagonjwa wa Berlin wa mwaka 1890 walikuwa na magazeti, mabunge na Virchow wa kuwasemea; vipofu wa Sese hawakuwa na yeyote, na majina yao hayamo katika vitabu vinavyomtukuza bingwa huyo.

Desturi ya kutangaza kabla ya kukamilisha haikuzikwa naye. Mwaka 1990 jijini Nairobi ilitangazwa kwa shangwe dawa ya Ukimwi iliyoitwa KEMRON. Majaribio yaliyofuata hayakuona faida yake. Huko Marekani, kampuni ya Theranos iliahidi kupima magonjwa mengi kwa matone machache ya damu, ikakusanya fedha za wawekezaji kwa ajili ya mashine ambayo haikuweza kazi hiyo, ikafungwa mwaka 2018 na mwanzilishi wake akatiwa hatiani mwaka 2022. Kampuni ya simu ikitangaza kifaa ambacho hakijakamilika, mteja hupoteza fedha na muda. Katika dawa, mwili wa mteja ndio maabara.

Robert Koch alifariki dunia kwa maradhi ya moyo Mei 27, 1910, huko Baden-Baden, akiwa na umri wa miaka 66. Majivu yake yamehifadhiwa katika jengo la taasisi yake mjini Berlin, ambayo sasa inaitwa kwa jina lake.

Tubakulini nayo haikutupwa. Iligundulika mapema kwamba mwenye vidudu vya kifua kikuu mwilini, awe mtu au mnyama, huvimba ngozi anapochomwa kiasi kidogo. Madaktari Clemens von Pirquet mwaka 1907 na Charles Mantoux mwaka 1908 wakaigeuza kuwa kipimo cha binadamu, kinachotumika hadi sasa. Kwa ng'ombe, mtaalamu wa mifugo hunyoa manyoya ya shingo, hupima unene wa ngozi, huchoma tone la tubakulini na kuondoka. Hurudi baada ya saa 72, hushika tena mahali palepale, na mwenye ng'ombe hungoja kando ya banda kusikia kama pamevimba.